Vihisi vya jokofu na antena nne: kisa cha kupokea ishara bila kuijua chaneli

Majina ya kampuni, barabara na watu yameondolewa, na vipimo vingine vimezungushwa ili wahusika wasitambulike. Hesabu za redio hazijaguswa, na msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu.

Usuli

Kampuni moja ya usafirishaji katika Afrika Mashariki inaendesha malori ya jokofu yanayobeba samaki na nyama. Wateja wake wanalipa kwa sharti kwamba joto ndani ya tela halitapanda kupita kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Ushahidi wa zamani ulikuwa fomu aliyojaza dereva kila baada ya saa kadhaa, na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye yadi ya malori anajua jinsi fomu hizo zinavyojazwa: zote kwa mkupuo, kwa kalamu ile ile, lori likiwa limeshafika.

Ikaamuliwa kila tela lifungwe kihisi cha joto kinachotumia betri na kurusha taarifa kwa redio kwenye 868 MHz, mara moja kila sekunde 5. Kando ya barabara kuu na kwenye yadi vikawekwa vituo vidogo vya kupokea vinavyoendeshwa kwa sola, kila kimoja kikiwa na antena nne. Kituo hulisikia lori likiwa ndani ya mita 300 kila upande. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mita hizo 600 zinaisha kwa sekunde 27, kwa hiyo kihisi kina nafasi tano hivi za kusikika. Kwa nini wasingetumia laini ya simu? Betri ilitakiwa idumu miaka, na modemu ya simu iliyofungiwa ndani ya sanduku la aluminiamu humaliza betri kwa kutafuta mtandao isioupata.

Pakiti ilikuwa fupi: biti 64 za taarifa, yaani namba ya kihisi biti 24, joto 12, hali ya betri 4, kihesabio 8, na biti 16 za kuhakiki kama pakiti imefika nzima. Zilitanguliwa na alama 16 za utangulizi, ambazo ni wimbi tupu lisilobeba biti, na alama 16 za kulinganisha muda. Kila alama ya taarifa ilibeba biti moja kwa kugeuza awamu ya wimbi, yaani mahali lilipofika kwenye mzunguko wake, kwa nusu mzunguko. Kasi ilikuwa alama 4,800 kwa sekunde, hivyo alama moja ilichukua mikrosekunde 208.

Kabla ya kuendelea, maneno machache kwa asiyeishi na mambo haya kila siku. Ishara inapofika kwenye antena huwa imepunguzwa ukubwa na kuzungushwa awamu na njia iliyopita, na kiasi hicho cha kupunguzwa na kuzungushwa ndicho kinachoitwa chaneli. Kila antena ina chaneli yake. Kipokezi cha kohirenti hukadiria kwanza chaneli hizo kwa kutumia alama elekezi, alama ambazo mrushaji na mpokeaji wanazijua tangu mwanzo, kisha hunyoosha ishara ya kila antena kabla ya kuamua biti. Kipokezi kisicho cha kohirenti hakijisumbui na makadirio hayo. Huamua kwa kitu ambacho mzunguko wa awamu haukiharibu: kiasi cha nishati, au tofauti ya awamu kati ya alama moja na inayoifuata.

Muundo wa kwanza ulikuwa wa kohirenti. Baada ya kila alama nane za taarifa iliingizwa alama elekezi moja. Kipokezi kilikadiria chaneli ya kila antena peke yake, kikanyoosha awamu, kikajumlisha antena zote nne na kuipa kila moja uzito kulingana na nguvu yake. Vitabu vinasema hakuna njia bora ya kujumlisha kuliko hiyo, na vinasema kweli, ilimradi chaneli inajulikana.

Yaliyotokea

Mezani mfumo haukuwa na dosari. Barabarani pakiti nyingi zilifika zimevunjika, na nyingine hazikuonekana kabisa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwendo, na hesabu ilionekana kuunga mkono. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Urefu wa wimbi la 868 MHz ni sentimita 34.5. Doppler ya juu kabisa, yaani kuhama kwa masafa (idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde) kunakoletwa na mwendo, inatoka Hz 64. Kwa kanuni ya haraka wanayoitumia wahandisi, yaani 0.423 igawanywe kwa Doppler, chaneli hubaki ilivyo kwa milisekunde 6.6 hivi, wakati pakiti ilikuwa inazidi milisekunde 20. Chaneli ilikuwa inabadilika zaidi ya mara tatu ndani ya pakiti moja. Timu ikaongeza alama elekezi hadi moja kwa kila alama nne. Sasa zikawa 16, pakiti ikafika alama 112, na sehemu ya saba ya nishati yote ikawa inakwenda kwenye alama elekezi peke yake, ambazo hazibebi taarifa yoyote. Hali ikabaki ile ile.

Aliyeligeuza swali ni fundi wa yadi. Aligundua kwamba malori yaliyoegeshwa, injini zimezimwa na majokofu yananguruma, yalikuwa yanapoteza pakiti vilevile, ilhali kihisi cha akiba kilichokaa kwenye droo ya ofisi yake hakijawahi kupoteza hata moja. Lori lililoegeshwa halina Doppler ya kuzungumzia. Tofauti iliyobaki kati ya droo na tela ilikuwa baridi.

Kihisi kikawekwa ndani ya friza ya kantini, katikati ya soda na paketi za samaki, na antena ya kipimo ikasimamishwa nje. Kadiri kihisi kilivyopoa, masafa yake yalihama, na yaliendelea kuhama mpaka yakatoka nje ya dirisha ambalo kipokezi kilikuwa kinatafuta. Kristali, yaani kijiwe kinachopanga masafa ya redio, ikiwa ya bei ya chini huwa na kosa la sehemu 10 kwa milioni hata katika joto la kawaida, na ikiteremshwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kuongeza kosa jingine kama hilo. Kwenye 868 MHz sehemu moja kwa milioni ni Hz 868, hivyo sehemu 20 ni zaidi ya kHz 17. Kipokezi kilikuwa kinatafuta ndani ya kHz 10 tu kila upande. Tena chenyewe kilikaa chini ya paa la bati linalochomwa na jua, na kristali yake nayo ilikuwa na safari yake.

Dirisha likapanuliwa. Pakiti ambazo hazikuwa zikionekana zikaanza kuonekana. Lakini zilionekana zimevunjika, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipojitokeza.

Kipokezi kilikuwa kinakadiria kosa la masafa kwa kuchambua zile alama 16 za wimbi tupu. Alama 16 ni milisekunde 3.3, na kipande cha wimbi chenye urefu huo hukuruhusu kutenganisha masafa kwa hatua za Hz 300. Kosa linalobaki baada ya marekebisho linaweza kufika Hz 150, ambalo huzungusha awamu digrii 11 kwa kila alama. Ndani ya alama nane mzunguko umefika digrii 90, na mfumo unaosoma biti kwa kugeuza awamu hauna tena cha kusoma. Kati ya alama elekezi moja na inayofuata awamu ilikuwa inazunguka digrii 56, na kwa lori linalokimbia Doppler iliongeza hadi 24 nyingine.

Digrii 80 kati ya alama elekezi mbili zinafuatilika ikiwa kila alama elekezi inasomeka vizuri. Hazikuwa zinasomeka vizuri. Bajeti ya nguvu ya mfumo ilipangwa kwa kutegemea jumla ya antena nne: pembezoni mwa eneo la usikivu kila antena peke yake ilipata ishara inayoizidi kelele kwa desibeli 3 tu, na zikijumlishwa nne zinafika 9. Makadirio ya chaneli, hata hivyo, yalifanywa kwenye kila antena kabla ya kujumlisha. Katika desibeli 3, awamu inayopimwa kwa alama elekezi moja ina kosa la kawaida la karibu digrii 30, na tofauti ya vipimo viwili vya namna hiyo ina kosa la digrii 40. Kufuatilia mzunguko wa digrii 56 kwa kipimo kinachoyumba digrii 40 ni kubahatisha.

Maamuzi na sababu zake

Mezani palikuwa na njia nne.

Ya kwanza ni kubadilisha kristali kwa osileta, saketi inayozalisha masafa, ya aina inayojirekebisha kulingana na joto. Ingemaliza sehemu kubwa ya tatizo kwenye chanzo. Lakini vihisi vilikuwa vimeshafungwa kwa gundi isiyopitisha maji, na kila kimoja kingepaswa kukatwa. Ya pili, kuongeza tena alama elekezi, ilikataliwa kwa sababu ilishajaribiwa na kila nyongeza ilikuwa inakula betri. Ya tatu ilipendekezwa na mhandisi kijana wa timu, na ilistahili kusikilizwa zaidi ya ilivyosikilizwa: antena zote nne za kituo zinatumia osileta moja, kwa hiyo kosa la masafa ni moja kwa zote, na lingeweza kukadiriwa kwa pamoja kutokana na jumla ya antena badala ya kila antena kujikadiria. Baada ya hapo kohirenti ingewezekana. Ilikataliwa kwa hoja kwamba kompyuta ndogo ya kituo ingelemewa pakiti za malori mengi zikigongana.

Ya nne ndiyo iliyochaguliwa: kuachana na makadirio ya chaneli na kusimba kwa tofauti ya awamu. Biti ya 1 inageuza awamu ya alama iliyotangulia, biti ya 0 inaiacha ilivyo. Upande wa kihisi mabadiliko yalikuwa mstari mmoja wa programu, ulioingizwa kwa waya kupitia tundu la huduma pale malori yalipokuja karakana. Si njia ya watu waliokosa uwezo: redio ya dijitali ya DAB husimba kwa tofauti ya awamu, nayo ilibuniwa ili ipokelewe ndani ya gari linalotembea.

Upande wa kipokezi, kila antena huzidisha alama ya sasa na alama iliyotangulia ikiwa imegeuzwa mwelekeo wa awamu. Awamu ya chaneli, ambayo ni karibu ile ile katika alama zote mbili, inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni tofauti iliyowekwa na kihisi, pamoja na uzito unaolingana na mraba wa ukubwa wa chaneli ya antena hiyo. Mazao hayo ya kuzidisha ya antena zote nne hujumlishwa, na biti huamuliwa kwa kutazama jumla iko upande gani wa sifuri. Uzuri wa jambo hili huwapita wengi: antena iliyopokea vizuri inatoa zao kubwa, iliyozama inatoa dogo, na hakuna aliyelazimika kukadiria ipi ni ipi. Zaidi ya hayo, uamuzi unafanywa baada ya nishati ya antena zote kukusanywa, wala si kabla.

Lile kosa la digrii 11 kwa alama, lililoua mfumo wa kwanza, hapa halilimbikizwi. Kila alama inalinganishwa na jirani yake tu, na hasara yake ni sehemu ndogo ya desibeli moja.

Bei yake ilijulikana tangu mwanzo. Katika kufifia kwa aina ya Rayleigh, ambako ishara hupanda na kushuka kwa kuwa inafika kwa njia nyingi zinazochanganyika, kusoma kwa tofauti ya awamu kunahitaji takriban desibeli 3 zaidi ya kohirenti inayoijua chaneli kikamilifu. Kwa ishara ya wastani wa desibeli 10 kwa kila antena, antena moja ikisoma kwa tofauti hukosea biti 45 katika 1,000. Antena nne zinazofifia kila moja kivyake hukosea biti moja au mbili katika 10,000. Kohirenti kamilifu yenye antena nne ingekosea moja katika 100,000. Timu iliitazama hesabu hiyo ikasema, kwa haki kabisa, kwamba kohirenti kamilifu haimo kwenye orodha ya vitu wanavyoweza kununua.

Zile alama 16 elekezi zikafutwa. Nafasi yake, pamoja na alama nne za ziada, ikapewa msimbo wa Hamming: biti 64 ziligawanywa vikundi vinne vya 16, na kila kikundi kikaongezewa biti 5 zenye uwezo wa kurekebisha kosa moja.

Kulikuwa pia na pendekezo la kuweka antena mbili kwenye kihisi chenyewe, kwa kuwa mbinu za kusimba kwa tofauti kwenye antena kadhaa za kurushia zipo tangu mwaka 2000. Halikuchukua muda. Kihisi kina urefu wa sentimita 10 wakati wimbi lina 34.5, na kikuza nguvu cha pili kingekula betri. Nadharia nayo haikuwa upande wake: mwaka 1999 watafiti Marzetta na Hochwald walionyesha kwamba chaneli isipojulikana, antena za kurushia zikizidi idadi ya alama ambazo chaneli hubaki ilivyo haziongezi uwezo wowote, na mwaka 2002 Zheng na Tse wakaonyesha kwamba, ishara ikiwa na nguvu ya kutosha, hakuna faida kuvuka nusu ya idadi hiyo. Kwa kristali hii, idadi hiyo ni alama chache tu.

Yaliyoharibika baada ya uamuzi

Kituo cha kwanza kilichowashwa kwa programu mpya kilifanya vibaya kuliko cha zamani wakati wa mchana, na vizuri sana usiku.

Sababu ilikuwa sola. Waya wa antena ya tatu ulipita kando ya kontrola ya chaji na inveta, na jua lilipokuwa kali vifaa hivyo vilipandisha kelele ya antena hiyo desibeli 8 juu ya wenzake. Katika mfumo wa kohirenti hilo lilikuwa limefichika, kwa kuwa kipimo cha uzito kilijumuisha kelele ya kila antena. Katika mfumo mpya uzito unatokana na ukubwa wa kilichopokelewa, na antena haijui kama kilichopokelewa ni kihisi au inveta. Antena ya tatu ilikuwa inapiga kelele kuwashinda wote kwenye jumla.

Tiba ilikuwa nyepesi. Kituo hutumia muda mwingi kikisubiri, hakuna kihisi kinachorusha. Katika muda huo kikawa kinapima kelele ya kila antena, na pakiti ikifika, zao la kila antena linagawanywa kwa kelele yake kabla ya kujumlishwa. Si uzito bora kabisa kinadharia, ila unatosha. Waya nao ukahamishwa, jambo ambalo lingepaswa kufanywa kwanza.

La pili lilihusu msimbo wa Hamming. Mezani ulirekebisha makosa kama ulivyotarajiwa, barabarani ulisaidia kidogo mno. Alama moja iliyochafuliwa na kelele huingia kwenye mazao mawili, lake na lile linalofuata, hivyo makosa ya usomaji wa tofauti mara nyingi huja mawili mawili, yameshikana. Msimbo unaorekebisha kosa moja kwa kikundi hauwezi kitu mbele ya jozi. Timu ikapanga upya utaratibu wa kurusha: biti ya kwanza ya kila kikundi, kisha ya pili ya kila kikundi, na kuendelea. Jozi ya makosa ikawa inaangukia vikundi viwili tofauti, kosa moja kila kimoja. Faida yake si ndogo. Pembezoni kabisa, ambapo kila antena ina desibeli 3, hesabu inatoa kosa la biti karibu 18 katika 1,000. Bila msimbo ni theluthi moja tu ya pakiti zinazopita salama. Kwa msimbo, makosa yakiwa yametawanyika, ni nane katika kumi.

La tatu lilionekana yadi, nalo lilikuwa kinyume na kila mtu alivyotarajia: lori linalopita kwa kasi barabarani lilisikika vizuri kuliko lililoegeshwa. Antena za vituo zilifungwa kwenye mlingoti mmoja kwa nafasi ya sentimita 17, nusu ya urefu wa wimbi, kama michoro mingi inavyoonyesha. Nusu ya wimbi hutosha pale ishara inapoingia kutoka pande zote. Kituo kilicho juu ya mlingoti hupokea kutoka upande mmoja mwembamba, kule lori liliko, na antena nne zilizosogeleana hufifia kwa pamoja. Lori likitembea, sekunde 5 baadaye liko mahali pengine na pakiti inayofuata inapata bahati mpya. Lori lililoegeshwa kwenye shimo la ishara hurudia pakiti zake shimoni humo usiku kucha. Antena zikatenganishwa zaidi ya mita moja, mbili kwenye mlingoti na mbili kwenye nguzo za lango.

Matokeo

Malori ya barabarani yakawa yanasikika, kwa kawaida katika pakiti ya kwanza au ya pili ndani ya zile tano. Yadi ilitengemaa baada ya antena kuhamishwa. Vihisi vilivyopoa kupita kiasi, vyenye kristali mbaya kuliko wastani, viliendelea kupotea mara kwa mara, na vikawa vinabadilishwa kimoja kimoja. Mtu wa mikataba alifurahia grafu za joto kuliko wahandisi walivyofurahia lolote, kwa kuwa fomu za madereva ziliondolewa.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo halikuwa kuchagua kohirenti. Lilikuwa kutoziweka namba mbili kwenye ukurasa mmoja: Doppler ya Hz 64 na kosa la kristali la Hz 17,000. Aliyeziona kwa pamoja asingepoteza muda na mwendo wa lori. Doppler ina mvuto kwa mhandisi wa redio kwa sababu ina fomula nzuri na kila kozi inaifundisha. Kristali iliyoganda haifundishwi mahali popote.

Sababu waliyoiandika kwenye ripoti yao, kwamba waliacha kohirenti kwa kuwa chaneli inabadilika haraka, nadhani si sahihi. Kwa Doppler peke yake chaneli ilikuwa inabadilika polepole: kati ya alama moja na inayofuata mabadiliko ni madogo kiasi kwamba, hata ishara ikiwa na nguvu isiyo na kikomo, antena moja ikisoma kwa tofauti ingebaki na kosa la biti moja katika 1,100 hivi, na antena nne zinazofifia kila moja kivyake hulifuta kosa hilo lisionekane. Alama elekezi chache zingetosha kufuatilia chaneli ya namna hiyo. Kilichoamua ni kwamba ishara ya kila antena ilikuwa dhaifu mno kubeba makadirio yake yenyewe. Mfumo wenye antena nyingi unaopanga bajeti yake kwa jumla, kisha ukakadiria kimoja kimoja, umejiwekea mtego, na mtego huo unazidi kukaza kadiri antena zinavyoongezwa na nguvu ya kurushia inavyopunguzwa.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko yote hakikuandikwa kwenye ripoti hata kidogo. Hata kutafuta pakiti kulifanywa kwa njia isiyo ya kohirenti: kipokezi kilikokotoa nguvu ya kila masafa kwenye kila antena, kikajumlisha nguvu hizo bila kujali awamu, na kutafuta kilele. Antena moja ikizama, nyingine tatu zinabeba. Bila hatua hiyo hakuna msimbo wala uzito ambao ungesaidia, kwa kuwa pakiti isiyogunduliwa haisomwi.

Kuhusu zile hitilafu tatu za baadaye, zote zina mzizi mmoja. Timu ililielewa neno kohirenti kama orodha ya vitu vya kujua, na ilipoliacha ikaacha orodha nzima. Lakini kilichoachwa kihalali ni awamu ya chaneli tu. Kelele ya kila antena bado inapaswa kujulikana, na pengine zaidi ya zamani, kwa kuwa uzito sasa unajitengeneza wenyewe na hauna msimamizi. Masafa yanapaswa kujulikana kwa kadiri ya kutosha alama mbili jirani. Na antena zinapaswa kufifia kila moja kivyake, maana karibu kila namba niliyoitaja juu imesimama hapo.

Lile pendekezo la tatu, la kukadiria kosa la masafa kwa pamoja, lingerudisha sehemu nzuri ya zile desibeli 3. Hoja ya kulemewa kwa kompyuta haikupimwa na mtu. Kwa vihisi vilivyokuwa tayari vimefungwa na malori yanayosubiri, ningechagua kama wao. Kwa mfumo unaoanza mwanzo ningelipima kwanza, kwa sababu ya jambo lililojitokeza mwishoni.

Kampuni ilitaka kuongeza usikivu hadi mara mbili ya umbali kwa kuweka antena nane badala ya nne, ikitarajia desibeli 3 za bure. Katika kohirenti inayoijua chaneli, antena zikiongezeka maradufu nguvu ya wastani huongezeka kwa desibeli 3. Katika kujumlisha mazao haiko hivyo. Kila zao lina kelele iliyozidishwa kwa kelele, na ishara ya kila antena ikishuka chini ya kelele, sehemu hiyo ndiyo inayotawala: kuongeza antena maradufu kunaleta desibeli 1.5 tu. Kuongeza umbali mara mbili hugharimu desibeli 6 hata mahali peupe pasipo kizuizi, na kando ya barabara hugharimu zaidi. Kutoka desibeli 3 za pembezoni kila antena ingeshuka hadi 3 chini ya sifuri. Kwa usomaji wa tofauti antena nane zisingelipa deni hilo, na kumi na sita pia zisingelipa. Kampuni ilijenga kituo kingine katikati ya viwili vilivyokuwepo.